Watani wa msimbo: Historia ya mifumo huria ya tarakilishi na funzo lake kwa Kiswahili

MASHABIKI wa kandanda nchini huita mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards 'Debi ya Mashemeji'. Ng'ambo ya mpaka, Simba na Yanga huitwa 'watani wa jadi'. Maneno haya mawili, shemeji na mtani, yana siri moja. Mtu hawi shemeji yako pasipo ndoa baina ya koo zenu, wala hawi mtani wako pasipo historia ya pamoja. Kinachompa ruhusa ya kukuchokoza ni uhusiano ule ule unaomzuia kukuangamiza.

Wanaoufahamu utani wa Tanzania wanalijua hili vyema. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19. Leo ni watani. Mtani anaweza kukukejeli hata msibani, mbele ya wakwe zako, na usikasirike, kwa sababu ni yeye huyo aliyeshika jembe la kuchimbia kaburi.

Leo ningependa tulitumie neno hili, utani, kuisoma historia ambayo kwa mbali haina uhusiano wowote na matanga wala kandanda: historia ya mifumo endeshi huria ya tarakilishi. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka kwanza mashine inapowashwa, kisha ikazigawia programu nyingine kumbukumbu, diski, kibodi na skrini. Wengi wetu tunaijua Windows. Wachache wanatumia macOS. Lakini kuna ukoo mwingine mkubwa, wa Linux na BSD, ambao mtu yeyote ana haki ya kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Ukoo huu umegombana ndani kwa ndani kwa zaidi ya miaka 30. Jambo la ajabu ni kwamba ugomvi wenyewe ndio uliounenepesha.

Huru au bure?

Tuanze na lugha, maadamu huu ni ukumbi wa lugha. Mnamo Septemba 27, 1983, Richard Stallman, mtaalamu wa programu aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, Marekani, alitangaza kwamba angeandika mfumo endeshi kamili ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia na kuubadilisha. Aliuita GNU. Tangu siku hiyo amekuwa na tatizo moja la kilugha ambalo halijakwisha: neno la Kiingereza alilolichagua lina maana mbili. Linamaanisha kitu kisicholipiwa, na pia linamaanisha kitu chenye uhuru. Amelazimika kueleza kila anapoenda kwamba anazungumzia uhuru, si bei.

Angalikuwa Mswahili, angaliokoa pumzi nyingi. Sisi tuna 'bure' na tuna 'huru', na kutokana na 'huru' tumepata 'huria'. Soko huria si soko la bure. Ukiingia bila pesa utatoka mikono mitupu. Vivyo hivyo, programu huria inaweza kuuzwa, na programu ya bure inaweza kuwa imefungwa kabisa, isiruhusu mtu kuchungulia ndani. Anayesema "Linux ni ya bure tu" amesema ukweli mdogo na kuuacha ule mkubwa.

Jina GNU nalo lina utani wake. Herufi zake ni kifupisho cha Kiingereza chenye maana kwamba 'GNU si Unix', Unix ukiwa mfumo maarufu uliobuniwa katika maabara za Bell miaka ya mwisho ya 1960. Lakini pia ni jina la nyumbu, huyuhuyu anayevuka Mto Mara kwa makundi kila mwaka, na neno lenyewe Wazungu waliliokota katika lugha za Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Kichwa cha nyumbu ndicho nembo ya mradi huo hadi leo.

Mwalimu na kijana

Kufikia 1991 GNU ilikuwa na takriban vifaa vyote isipokuwa kimoja: kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na mashine. Mnamo Agosti 25 mwaka huo, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia watumiaji wa mfumo mdogo ulioitwa MINIX akisema kwamba anatengeneza mfumo wake, kwamba ni mchezo tu, na kwamba hautakuwa mkubwa kama GNU. Mwenyewe alipendelea kuuita Freax. Rafiki yake, Ari Lemmke, aliyekuwa akiutunza katika mashine ya mtandaoni, hakulipenda jina hilo akauweka katika kabrasha lililoitwa 'linux'. Jina likashika. Kumbe hata katika sayansi, mtoto huitwa jina alilopewa na mkunga!

MINIX ulikuwa umeandikwa na Andrew Tanenbaum, profesa wa chuo cha Vrije mjini Amsterdam, kwa ajili ya kufundishia. Januari 29, 1992 profesa huyo alitangaza hadharani kwamba Linux umepitwa na wakati. Kiini chake, alisema, kimeunganishwa kuwa donge moja, mtindo wa kurudi nyuma miaka 20. Tena akaongeza kwamba Torvalds angekuwa mwanafunzi wake asingepata alama nzuri kwa kazi kama hiyo. Kijana hakunyamaza. Alijibu kwa ukali, akiukosoa MINIX bila kumung'unya maneno, kisha akaomba radhi kwa ukali wake. Majibizano yao yangali yanasomwa vyuoni.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya ugomvi wa kawaida. Lakini miaka 12 baadaye, mwaka wa 2004, mwandishi mmoja wa taasisi ya utafiti wa sera nchini Marekani alidai kwamba kijana mmoja peke yake asingeweza kuandika kiini kizima, na akaashiria kuwa Torvalds alikuwa ameiba kutoka kwa MINIX. Nani alisimama kumtetea? Tanenbaum. Aliandika waziwazi kwamba Torvalds aliiandika kazi yake mwenyewe, ingawa bado aliamini kwamba muundo wake si mzuri. Huo ndio utani kwa ukamilifu wake. Mimi nitamwambia shemeji kwamba nyumba yake imepinda. Mpita njia akimwita mwizi, nitakuwa wa kwanza kutoka na rungu.

Kesi iliyowachelewesha wakubwa

Upande wa pili wa ukoo kuna BSD, mfumo uliokomaa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa umri na ufundi, huyu ndiye aliyekuwa kaka mkubwa. Mwaka wa 1992 William na Lynne Jolitz, mume na mke, walitoa toleo lake la kutumika kwenye tarakilishi za kawaida za nyumbani. Torvalds mwenyewe amewahi kukiri kwamba kama toleo hilo lingekuwa tayari alipoanza, huenda Linux usingezaliwa.

Kilichomvunja kaka mkubwa mguu ni mahakama. Mwaka huohuo wa 1992, kampuni tanzu ya AT&T iliyomiliki Unix ilishtaki kwamba BSD una msimbo wake. Kesi iliendelea hadi mapema mwaka wa 1994, pande hizo zilipopatana. Katika faili takriban 18,000, zilizotakiwa kuondolewa zilikuwa tatu. Tatu tu! Lakini watu walikuwa wamekaa karibu miaka miwili wakihofia kuugusa, na Linux ukapita katikati kama mtoto anayepenya kwenye msongamano wa watu wazima.

Katika kipindi hichohicho BSD ulizaa matawi: NetBSD na FreeBSD mwaka wa 1993, na OpenBSD mwaka wa 1995 baada ya Theo de Raadt kutofautiana na wenzake wa NetBSD. Kila tawi lina sifa yake. NetBSD hujivunia kukubali karibu kila aina ya mashine, FreeBSD kasi na uimara, OpenBSD usalama.

Baina ya ukoo wa BSD na ule wa Linux kuna tofauti ya kisheria inayozua mijadala isiyokwisha. Tuieleze kwa mbegu. Jirani anakupa mbegu ya mahindi. Leseni ya GPL, inayolinda GNU na Linux, inasema: panda, kula, uza, lakini unayempa mahindi hayo mpe pia haki ya kuyapanda na kuyagawa kama uliyoipata wewe. Leseni ya BSD inasema: panda, fanya utakalo, hata ukitaka kuyafungia ghalani ni shauri yako, mradi usifute jina la aliyekupa. Wafuasi wa kwanza huona leseni ya pili ni kuwalea walafi. Wafuasi wa pili huona uhuru wenye masharti si uhuru kamili. Wote wana hoja, na ndiyo sababu mjadala huo umedumu.

Hata hivyo, wakati wakibishana, hula chungu kimoja. Mwaka wa 1999 watu wa OpenBSD walitoa programu ya OpenSSH, inayomwezesha mtu kuingia katika mashine iliyo mbali kwa njia salama. Leo ni vigumu kupata seva ya Linux isiyoitegemea. Nao watu wa BSD, kwa upande wao, hutumia kazi ya wenzao wa Linux ili kadi za michoro za mashine mpya zifanye kazi kwao. Wanachekana kwa nembo, pengwini wa huku na kishetani chekundu chenye mkuki wa kule, lakini vyakula vimo katika sinia moja.

Mashindano yaliyofungua mlango

Mfano mwingine ni wa eneokazi, yaani ile sura ya madirisha na vitufe anayoiona mtumiaji. Mwaka wa 1996 mwanafunzi wa Ujerumani, Matthias Ettrich, alianzisha KDE. Ilipendeza, lakini ilijengwa juu ya zana iliyoitwa Qt, ambayo leseni yake wakati huo haikuwa huria kikamilifu. Mwaka uliofuata vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME kwa lengo la kuondoa utegemezi huo.

Maneno makali yalirushwa kutoka pande zote mbili. Kisha mwaka wa 2000 wenye Qt wakaiweka chini ya leseni ya GPL. Sababu iliyoizaa GNOME ikawa imekwisha, lakini GNOME haikufa, na KDE nayo ikapata uhuru iliokuwa ikilaumiwa kwa kuukosa. Mwaka wa 2009 makundi yote mawili yalifanya mikutano yao mikuu pamoja katika kisiwa cha Gran Canaria. Mshindi ni nani? Mtumiaji, ambaye leo ana nyumba mbili nzuri za kuchagua.

Ubuntu, au utu

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mnamo Agosti 16, 1993, Ian Murdock alianzisha Debian, mkusanyo wa Linux unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Jina ni muungano wa Debra, mpenzi wake wa wakati huo, na Ian. Wakati fulani katika miaka hiyo ya 1990, kijana wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alijiunga na Debian kama mmoja wa wachangiaji. Baadaye aliuza kampuni yake ya usalama wa mtandaoni kwa mamilioni ya dola, na mwaka wa 2002 akawa Mwafrika wa kwanza kufika anga za juu. Aliporejea alichukua Debian, akaurahisisha, na Oktoba 2004 akautoa kwa jina la Ubuntu.

Msomaji wa ukumbi huu hahitaji kamusi kulijua neno hilo. Shina lake ni '-ntu', lililomo katika 'mtu' wetu, 'mũndũ' wa Gĩkũyũ, 'omundu' wa Waluhya. Ubuntu wa Wazulu na Waxhosa ndio 'utu' wa Waswahili. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ungeweza kuandikia kampuni ya Shuttleworth ukaletewa diski ya mfumo huo kwa posta bila kulipa senti. Katika nchi ambazo kupakua faili kubwa kulimaanisha kukesha kwenye saiba, si jambo dogo.

Debian walifurahi? Nusu kwa nusu. Ubuntu ulipata umaarufu haraka hivi kwamba mwaka wa 2005 Murdock mwenyewe alilalamika kuwa umaarufu huo ulikuwa ukimdhuru mama aliyemzaa. Wengine walinung'unika kwamba binti anachukua unga kwa mama bila kurudisha hata ungo. Nayo Ubuntu ikazidi kujitenga: ikabuni eneokazi lake, ikabuni pia programu ya kuamshia mfumo iliyoitwa Upstart.

Kisha ukaja mwaka wa 2014. Debian ilihitaji kuchagua programu ya kuamshia mfumo, na washindani wakuu walikuwa Upstart na systemd. Kamati ya ufundi ya Debian iligawanyika katikati, kura zikatoshana, na Februari mwenyekiti akatumia kura yake ya turufu kuichagua systemd. Siku chache hazikupita, Shuttleworth aliandika kwamba amekubali kushindwa kwa heshima, na kwamba Ubuntu nao utaifuata systemd. Mtu aliyekuwa na pesa za kuendelea kushikilia lake aliliacha, kwa kuwa familia ilikuwa imeamua. Mwaka wa 2017 alifanya vivyo hivyo alipotangaza kuliacha eneokazi lake na kurejea GNOME.

Nisieleweke vibaya. Si wote waliokubali. Baadhi ya waliopinga systemd walijitenga wakaanzisha mkusanyo wao, Devuan. Hata hao hawakuiba kitu. Leseni inawaruhusu kuondoka na nakala nzima ya nyumba, matofali na yote, bila nyumba ya nyuma kupungukiwa hata na kigae.

Na Kiswahili je?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwaka wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia, ya majedwali na ya michoro, ikizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Hawakumpigia magoti mtu yeyote. Msimbo ulikuwa wazi, leseni iliwaruhusu, wakakaa chini wakatafsiri. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuzitafsiri programu zake kwa Kiswahili. Ushindani mzuri huo: lugha yetu ikiwaniwa na pande mbili badala ya kusubiri mlangoni.

Tofauti ya pande hizo ni ya msingi. Katika mfumo uliofungwa, Kiswahili ni mgeni. Mwenye nyumba akiona hakuna faida, atamwondolea kiti. Katika mfumo huria, Kiswahili kina haki ya kujijengea chumba. Lakini haki si chumba. Anayepewa kiwanja akakaa tu chini ya mwembe akisema "kiwanja ni changu" atanyeshewa kama asiye na kiwanja. Tafsiri inahitaji watu wa kuihuisha kila toleo jipya linapotoka, na kazi hiyo ikikosa watu, maneno ya Kiingereza hurudi skrini moja baada ya nyingine.

Na sisi wenye lugha tunafanya nini? Tunabishana. Kenya tunasema 'tarakilishi'. Tanzania wengi wanasema 'kompyuta', na kuna waliopendekeza 'ngamizi'. Huyu anasema 'nywila', yule 'nenosiri'. Mimi sina neno na ubishi. Hata watu wa Linux hawajapatana kuhusu jina: Stallman hadi leo hushikilia kwamba mfumo uitwe GNU/Linux, na Debian wamemkubalia, ilhali Torvalds na wengi wengine hawajali. Ubishi huo haukuwazuia kuandika msimbo.

Tatizo letu ni kwamba ubishi wetu aghalabu si utani. Huku tuna orodha zetu za istilahi, kule wana zao. Mara nyingi zimelala kwenye vitabu ambavyo upande wa pili hauvioni, na asiyekubali istilahi fulani huonekana adui wa lugha. Tumechukua ukali wa watani tukaliacha jembe la kuchimbia kaburi. Kinachowawezesha watu wa BSD na Linux kutukanana asubuhi na kusaidiana jioni si upole wao. Wengi wao si wapole hata kidogo! Ni kwamba kazi ya kila mmoja iko wazi kwa mwenzake, na anayeshindwa leo, kazi yake haitupwi. Inakuwa mbolea ya anayeshinda.

Wanafunzi wetu wa isimu na wa teknolojia wanaotafuta miradi wangeweza kuanzia hapa. Programu huria nyingi hupokea tafsiri kutoka kwa mtu yeyote. Unahitaji tarakilishi, mtandao, kamusi nzuri na subira. Mkenya aandike 'tarakilishi', Mtanzania akosoe aandike 'kompyuta', wabishane mpaka usiku. Mradi wabishane ndani ya faili moja, ambayo wote wawili wameifungua, na ambayo asubuhi itakuwa na Kiswahili kingi kuliko jana.